Pete Mbili Kwenye Msumari

Jumanne, 31 Agosti

Haya, nimeanza. Mama alinipa daftari hili Krismasi iliyopita, akasema mtu anayeelekea kuwa maarufu aandike, asije akasahau. Leo nina jambo ambalo ningefurahi sana kulisahau, na ndilo la kuandika.

Bendi yetu, Cinder Bank, imerekodi santuri yake ya kwanza huko London. Rodney Hadley ameimba. Trevor Bloomer amepiga gitaa, na mdogo wake Keith amepiga besi. Mimi, Clive Tibbetts, mpiga ngoma wa bendi hii tangu tukiwa shule, nimekunywa chai. Vikombe vinne. Nimeketi kwenye kochi nyuma ya kioo, nikimtazama mtu mwingine akipiga ngoma zangu.

Anaitwa Alec Dunmore, kipara, miwani minene, amekuja na mikate yake kwenye kibati kama mtu wa reli. Bwana Pell, msimamizi wetu, ndiye aliyemwita. "Usiweke moyoni, Clive," akaniambia. "Jukwaani wewe ni moto. Lakini studio inataka mtu anayekwenda kama saa, na wewe kila ukikaribia kiitikio unachelewa kidogo. Unalijua hilo?"

Nalijua. Kwa nini, hilo silijui. Mkono unainuka, unangoja, ndipo unashuka. Ukumbini watu wanapenda, wanabaki na mguu hewani. Pell hapendi.

Dunmore amepiga mara mbili tu, kazi ikaisha. Akafunga kibati chake, akanipa mkono, akaenda studio nyingine kupiga wimbo wa watu wengine. Hata jina la wimbo wetu hakuuliza. Unaitwa "Doreen, Fungua Mlango", kama kuna mtu anataka kujua.

Kwenye ngazi Rodney akanishika bega. "Nani atajua, Clive?"

Mimi nitajua, mbwa wewe. Lakini sikumwambia.

Alhamisi, 2 Septemba

Nyumbani Cradley Heath. Mama ameuliza, "Vipi, ulipiga vizuri?" Nikasema, "Vizuri sana." Limetoka lenyewe, kama chafya.

Baba hakuuliza. Miaka thelathini na moja ya nyundo, kwanza uani, kisha za mashine kiwandani, imemla masikio. Ukitaka akuelewe umkabili usoni, useme polepole. Na yeye akisema anasema kwa sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mfereji, kwa kuwa hajisikii mwenyewe. Akitaka chumvi mezani, mtaa mzima unajua.

Jumapili, 5 Septemba

Mazoezi. Nafanyia kwenye karakana ya uani, pale babu na baba walipokuwa wakifua minyororo kabla baba hajaenda kiwandani. Fuawe bado ipo, naweka kikombe juu yake. Ukutani kuna msumari mkubwa, na kwenye msumari zimetundikwa pete mbili za mnyororo, zote zimekatika. Zimekuwepo hapo tangu sijazaliwa. Mama hufuta vumbi kila mahali isipokuwa hapo, na mimi nilipozichezea nikiwa na miaka sita nililambwa kofi moja tu, la kutosha maisha.

Baba ana desturi yake. Nikianza kupiga anatoka na kiko chake, anasimama nje, anaweka kiganja kwenye ukuta wa matofali. Anakaa hivyo hadi nimalize. Miaka tisa sasa. Hajawahi kusema zuri wala baya. Nikimaliza anakwenda kwa njiwa wake.

Leo nilijaribu kupiga kama Dunmore, bila kuchelewa popote, sawasawa mwanzo hadi mwisho. Nikachungulia dirishani. Baba aliondoa mkono kabla wimbo haujafika nusu, akaenda zake.

Jumamosi, 11 Septemba

Tumepiga muziki Dudley. Mvua. Gari limetufia njiani, tumelisukuma. Rodney hakusukuma, ana viatu vipya.

Jumatano, 22 Septemba

Nagonga kila kitu. Meza, goti, dirisha la basi. Mama amenificha vijiko.

Ijumaa, 1 Oktoba

Santuri imetoka leo. Mama alikuwa dukani kabla hawajafungua mlango, akarudi nayo kaifunika kwa koti ili isilowe, yeye mwenyewe kalowa chapa chapa. Akamwita Bi. Willetts wa nyumba ya pili. Bi. Willetts akaja na dada yake. Dada yake akaja na mbwa.

Ikawekwa kwenye gramafoni. Mama akalia kabla hata Rodney hajafungua mdomo. "Huyo ndiye Clive wangu!" akasema, akinyooshea kidole ngoma za Alec Dunmore. "Msikie huyo!"

Nikacheka kama mtu aliyekwamwa na mfupa.

Halafu baba akainuka kwenye kiti chake. Akaja, akapiga goti moja mbele ya gramafoni, akaweka kiganja juu ya kabati lake, akafumba macho. Wimbo wote, dakika tatu. Mimi nilikuwa natazama mkono ule tu. Vidole vimekauka, kucha moja haipo, ile iliyochukuliwa na koleo mwaka niliozaliwa. Havikutikisika.

Santuri ikaisha. Baba akafumbua macho, akanitazama. Kisha akachukua kofia yake akaenda kwa njiwa.

"Amependa," nikamwambia mama. "Hivyo ndivyo alivyo akipenda kitu."

Mama akaniangalia kidogo, akasema labda.

Jumanne, 5 Oktoba

Jumanne mchana ndipo redio inaposoma chati ya santuri zinazouzwa zaidi. Tuko namba arobaini na sita. Trevor amepiga simu, alikuwa anapiga kelele hata sikujua ni Trevor.

Jumanne, 12 Oktoba

Thelathini na moja. Foley muuza nyama kanikatia soseji za bure. "Kwa mikono ile!" akasema. Nimezila. Nimezila zote, na aibu yangu.

Ijumaa, 15 Oktoba

Stourbridge. Ukumbi umejaa hadi kuta zinatoa jasho. Tulipofika "Doreen" mkono wangu ukafanya mambo yake, ukangoja kabla ya kiitikio, na Rodney alikuwa amekwisha kuingia, maana sasa ameizoea santuri. Akanigeukia mbele ya watu mia saba akachora duara hewani, yaani twende, twende. Mtu niliyemfundisha kuendesha baiskeli!

Kwenye gari nikamwambia, "Wimbo huu umeuimba na mimi mwaka mzima kabla ya London."

"Ndiyo, na mwaka mzima hatukuwa kitu," akasema.

Keith akajifanya amelala.

Jumanne, 19 Oktoba

Kumi na nane! Pell amesafiri mwenyewe kutoka London kuja kutuambia: tutatokea kwenye televisheni, kile kipindi cha Alhamisi kinachotazamwa na nchi nzima hata makasisi. Rodney amembusu Pell kwenye kipara. Sote tuliruka, na mimi niliruka, sisemi uongo. Nimekitazama kipindi hicho tangu kianze, nimekaa sakafuni na vijiti vyangu nikipiga zulia la mama.

Kisha Pell akaeleza utaratibu. Kwenye televisheni bendi haipigi kwelikweli, inaigiza tu huku kanda ikilia. Lakini chama cha wanamuziki kimeweka sheria: kanda ya santuri hairuhusiwi. Lazima bendi iingie studio upya na kuupiga wimbo wote mwanzo hadi mwisho ndani ya saa tatu, mtu wa chama akisimamia, na kanda hiyo mpya ndiyo itakayolia.

Nilihisi damu imerudi mwilini. Upya! Mimi, mikono yangu, nchi nzima! Nikafungua mdomo kusema.

"Bila shaka hatufanyi hivyo," Pell akasema. "Hakuna anayefanya. Mtu wa chama anapelekwa kula. Akirudi, fundi amekwisha kubadilisha kanda, ile ya santuri imekaa pale kama ndiyo mpya. Yeye anatia saini, sote tunakwenda nyumbani. Swali ni nani wa kumpeleka kula."

Wote wakanigeukia. Rodney ana sauti ya kupimisha, Trevor na Keith wana magitaa ya kuunganisha. Mpiga ngoma hana kazi.

Alhamisi, 21 Oktoba

Siwezi kukaa. Nimetembea hadi Netherton na kurudi. Mwongo hana makao, walisema wenyewe waliosema.

Jumanne, 26 Oktoba

Tuko namba tisa. Naandika haya kwenye treni, mwandiko ni mbaya, na mwandishi pia.

Mtu wa chama anaitwa Bwana Garside, mrefu, mvi, tai imenyooka. Alifika saa nne kamili. Akatusalimu mmoja mmoja, akatazama ngoma zangu zikipangwa, akasogeza toazi moja kidogo kwa kidole, na kweli likakaa vizuri zaidi. Pell akakohoa. Nikasema kama nilivyofundishwa, "Bwana Garside, vijana bado wanajipanga. Twende tukapate kitu tumboni?"

"Nilidhani hutasema," akajibu.

Baa iko ng'ambo ya barabara tu. Mhudumu hakumuuliza anataka nini, alimletea pai ya nyama na figo na viazi vya kuponda, kisha akaniangalia mimi kwa huruma. Garside akafungua leso akaitandika magotini.

"Kila wiki naletwa kwenye meza hii," akasema. "Mara mpiga besi, mara msimamizi. Wiki iliyopita aliniletea pai mpiga tarumbeta, karibu alie. Wewe unapiga nini?"

"Ngoma."

Akashusha uma. "Mimi nilipiga ngoma miaka ishirini na mbili. Morecambe, ukumbi wa dansi wa ufukweni, kila usiku isipokuwa Jumapili. Halafu ikaja gramafoni ya kutia sarafu, wakatushukuru, wakatufungia mlango. Ndiyo maana sheria ile ipo, kijana. Iliwekwa ili wimbo ukilia, awepo mtu aliyeupiga."

Nikasema ndiyo bwana. Nikaanza kugonga meza kwa vidole, bila kujua. "Doreen", mwanzo wake. Yeye akawa anasikiliza huku anatafuna. Nilipofika kabla ya kiitikio, vidole vikangoja, vikashuka.

Akaacha kutafuna. "Kwenye redio haiko hivyo," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye hakuuliza tena. Akakata pai yake vipande vidogo, sawasawa, kama anamkatia mtoto.

"Sikiliza," akasema baadaye. "Mimi naweza kula haraka, na naweza kula polepole. Nikila haraka, nitavuka barabara sasa hivi, nitawakuta na kanda mkononi, na hapo mtaupiga wimbo kwelikweli, mbele yangu, nyote. Msimamizi wako atakasirika hadi apasuke, lakini atafanya nini? Nikila polepole, unajua mwenyewe. Wewe ndiye mpiga ngoma. Niambie nile vipi."

Kama kuna Mungu, anishuhudie: nilikuwa na jibu kinywani. Nilimwona baba. Nikamwona na Rodney na duara lake la hewani, nikamsikia Pell akisema kijana huyu ndiye aliyetuharibia. Nikaona nchi nzima ikinisikia nikichelewa.

"Pudingi yao ya hapa ni nzuri, bwana?" nikauliza.

Garside hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. "Ni nzuri," akasema. "Inachukua dakika ishirini."

Tukala pudingi. Aliporudi akatia saini bila kuketi.

Jumatano, 27 Oktoba

Tumeigiza. Wameziba ngoma zangu kwa raba ili zisilie, na matoazi ni ya plastiki. Nimepiga kwa nguvu zangu zote, hakuna kilichosikika. Rodney alikuwa mzuri mno, lazima niseme.

Alhamisi, 28 Oktoba

Nitaandika yote, hata kama mkono utakatika.

Sebule ya mama ina nafasi ya watu sita. Walikuwa kumi na tisa. Bi. Willetts, dada yake, mbwa, Foley na mkewe, mwalimu wangu wa darasa la pili, na watoto wamepangwa sakafuni kama sabuni. Mama alipika dengu za kijivu na nyama ya nguruwe sufuria mbili. Mimi nilikalishwa katikati, kiti cha baba, kama bwana harusi.

Tukatokea. Kelele! Kamera ikanijia usoni mara tatu, nilihesabu. Bi. Willetts alinipiga mgongoni kila mara hadi nikamwaga bia. "Ona anavyofinya midomo! Alikuwa hivyo hivyo akiwa kwenye choo cha mtoto!"

Baba alikuwa amesimama kando ya televisheni. Kiganja chake kilikuwa juu ya kisanduku. Hakutazama picha hata mara moja. Alinitazama mimi.

Ilipokwisha watu wakashangilia. Baba akanipa ishara kwa kichwa, twende nje. Nikamfuata hadi karakana. Akawasha taa, akasimama mbele yangu, akasema, na ninyi mnaijua sauti yake:

"Huyo si wewe!"

Nikaweka kidole mdomoni. "Baba, polepole."

"Nani anapiga?"

Njiwa wakashtuka. Nyuma yangu, ndani ya nyumba, shangwe zikakatika ghafla. Dirisha la sebule lilikuwa wazi kwa ajili ya joto la watu.

"Baba, wanasikia."

"Kwenye santuri si wewe, na humo si wewe! Nimengoja tangu siku ile uje uniambie! Wiki nne!" Hakuwa na hasira, sauti ndiyo yenyewe hiyo. Macho yake yalikuwa na maji. "Huyo mtu hakosi. Ni fundi, simlaumu. Lakini hangoji! Wewe unangoja!"

Nikamkabili usoni, nikasema polepole ili asome midomo: Ndiyo kosa langu, baba. Nachelewa. Wamenitoa kwa sababu hiyo.

"Kosa?" Akainua mkono wa kulia kana kwamba umeshika nyundo. Ukapanda, ukasimama pumzi moja, ukashuka kwenye fuawe. Pa! Kikombe changu kikaruka. "Kabla ya pigo la kufunga pete unashika nyundo juu kidogo, uone pete imekaa! Babu yako alinifundisha hivyo, hapa! Wewe ulikuwa mtoto, kitanda chako kimepakana na ukuta huu, umelala humo miaka sita nikifua! Ulipoanza ngoma zako niliweka mkono ukutani nikasema, ah, yule wangu!"

Nikakiokota kikombe.

Akazitoa pete mbili kwenye msumari, akaniwekea kiganjani. Nzito kuliko nilivyodhani. "Hizi niliharakisha. Nilitaka kuwahi dansi. Zikakatika kwenye mashine ya kupimia nguvu. Desturi ya huku, pete ikikatika inarudi kwa aliyeifua, naye anaitundika mwenyewe, kila anayeingia aione. Nilifua maelfu zilizokuwa nzima, zimekwenda baharini na meli, siijui hata moja iliko. Lakini hizi mbili ni zangu. Wewe una nini cha kutundika?"

Nikazirudisha pete msumarini. Tuliporudi ndani, watu walikuwa wanatafuta makoti yao. Mama alikuwa anakusanya sahani na hakunitazama. Mwalimu wangu peke yake ndiye aliyesema usiku mwema.

Ijumaa, 29 Oktoba

Kwa Foley. "Karibu, Clive. Umekuja mwenyewe, au umemtuma mtu?"

Duka zima likacheka. Na mimi nikacheka, mwishowe. Afadhali hiyo kuliko soseji za bure.

Jumapili, 31 Oktoba

Mama ameniuliza mara moja tu: "Kwa nini uliniacha nikalia?"

Jumanne, 2 Novemba

Namba tano. Mtaa haujampigia simu mwandishi wa gazeti hata mmoja, ingawa alikuja mmoja kutoka Birmingham akiuliza habari zangu. Bi. Willetts alimwambia mimi ni kijana mzuri sana, napenda wanyama, akafunga mlango.

Jumanne, 9 Novemba

Tatu. Mvua wiki nzima. Pell amepiga simu: santuri ya pili inarekodiwa Jumanne ijayo, halafu Amerika mwezi wa pili. Nikauliza nani atapiga ngoma. Akasema, "Clive, tusianze."

Jumatatu, 15 Novemba

Nimepiga karakana saa tano mfululizo. Mkono wa baba ukutani saa zote tano. Mvua ilikuwa inamnyeshea, mama akampelekea mwavuli, akamshikia.

Jumanne, 16 Novemba

Tuko namba mbili.

Nilifika studio saa mbili na nusu asubuhi, kabla ya fundi, kabla ya mfagiaji. Nikapanga ngoma, nikakaa kwenye kigoda. Pell akaja, akanikuta. Rodney akaja na koti lake jipya la manyoya. Dunmore akaja na kibati chake.

"Toka hapo, Clive," Pell akasema.

"Leo napiga mimi."

"Tumekwisha kulizungumza."

"Ulizungumza wewe. Mimi nilikunywa chai."

Trevor akacheka kidogo, akajizuia. Pell akamgeukia Dunmore, lakini Dunmore alikuwa amekwisha kuketi kwenye kochi langu, amefungua mikate. "Mimi sina haraka," akasema. "Mwache kijana."

Pell akatazama saa. Akanipa mara tatu.

Ya kwanza nilikimbia kama mwizi. Ya pili kijiti kiliniponyoka. Rodney akasonya, akasema tunapoteza muda. Ya tatu nikafumba macho. Nilipokaribia kiitikio mkono ukapanda. Nikauacha. Sikuona aibu nao. Ukangoja, ukashuka, na Rodney, ambaye alikuwa anakaribia kuingia mapema, akakamatwa na pumzi ile, akaingia na sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa na miaka kumi na saba kwenye ukumbi wa kanisa. Tukamaliza. Keith alikuwa anatabasamu kama mjinga.

Dunmore alisema kutoka kochini, "Hiyo mimi siiwezi."

Nikamtazama Pell kupitia kioo. Alikuwa amefunga macho, na nilidhani, kwa muda mfupi kama wa kupiga chafya, kwamba nimeshinda.

"Ni nzuri," akasema. "Na inachelewa. Redio haingoji mtu, Clive. Watu wanataka 'Doreen' nyingine, na 'Doreen' alipiga Alec. Chagua. Ukae kwenye kochi uende Amerika, au uende nyumbani nitafute mwingine."

Nikamgeukia Rodney. Tumekuwa pamoja tangu tukiwa na miaka minane. Akawa anatazama viatu vyake. "Kaa tu, Clive," akasema. "Uso wako wanaujua sasa. Utaonekana. Nani atajua?"

"Swali hilo ulikwisha niuliza," nikamwambia. "Baba alijua tangu siku ya kwanza, na masikio hana."

Nikachukua vijiti, nikavitia mfukoni. Ngoma nimeziacha, gari lililozileta ni la bendi. Naandika haya kwenye treni ile ile ya saa kumi. Nimeacha bendi iliyo namba mbili. Mimi ni mpumbavu mkubwa kuliko wote walio kwenye behewa hili, na kuna mtu amevaa soksi mkononi.

Ijumaa, 19 Novemba

Gazeti linasema nimeugua. Mama amenunua dawa ya kikohozi ili tusiwe waongo.

Jumatatu, 22 Novemba

Kimefika kifurushi kutoka London, kadibodi mbili zimefungwa kwa kamba. Ndani mna santuri moja nyeusi, haina lebo. Na kikaratasi cha Alec Dunmore, mwandiko wa kihasibu: "Waliamuru kanda yako ifutwe. Nilimwomba fundi aichonge kwanza kwenye santuri hii. Hakuna nyingine. Ni laini, usiichezeshe mara nyingi, itaisha."

Sijaichezesha. Nimezunguka nayo nyumba nzima kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Jumanne, 23 Novemba

Namba moja.

Redio ilisema saa saba mchana. Nikasikia mtaa ukilipuka, milango, mtu anagonga sufuria, Foley ameziacha nyama zake amesimama barabarani na aproni. Kisha nikasikia wananyamaza, mmoja mmoja, wamekumbuka. Bi. Willetts akapiga hodi akaniuliza kama wafurahi au wasifurahi. Nikamwambia wafurahi, Trevor na Keith ni watoto wa hapa, na wimbo ni mzuri. Nikasema hivyo, halafu nikaenda jikoni nikalia kama mtoto. Kwa nini nifiche? Ilikuwa iwe yangu.

Baba alirudi kutoka kiwandani saa kumi na moja na dakika zake. Mama alimwambia kwa midomo: namba moja. Akaitikia kwa kichwa. Akanitazama, akatazama santuri mkononi mwangu.

Nikaiweka kwenye gramafoni. Akapiga goti moja, akaweka kiganja juu ya kabati, akafumba macho. Nje walikuwa wanaimba "Doreen". Ndani ulilia huu mwingine, ambao hakuna mtu atakayeusikia. Ulipokaribia kiitikio nilishika pumzi. Ngoma zikangoja. Na nikaona mkono wa pili wa baba, ule uliokuwa juu ya goti, unainuka wenyewe. Ukasimama hewani, ukashuka pamoja na wangu.

Ilipokwisha hakufumbua macho upesi. Nikamgusa bega, nikamwambia polepole: Wameikataa, baba. Ilikatika.

Akaitoa santuri kwenye gramafoni, akaishika kingo kwa ncha za vidole, kama kifaranga. Akatoka nayo uani na nguo za kazi. Mimi na mama tukamfuata. Karakana ilikuwa baridi, ngoma hazimo, fuawe tu. Akazisogeza zile pete mbili hadi mwisho wa msumari, ukutani. Kisha akaipitisha santuri kwenye tundu lake, ikaingia, ikakaa mbele ya pete.

Akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama.

"Hiyo yako!" akasema, na mtaa mzima ukasikia.